Honi ya Pikapu Ikinyamaza
Msikilizaji, honi ya pikapu ikinyamaza, wengi hukimbilia dukani kununua mpya. Watakwambia ni bei nafuu, ya nini kuhangaika? Lakini honi isiyofikiwa na umeme haitalia hata ikiwa mpya. Kagua fyuzi kwanza, kisha rilei. Halafu chomoa waya wa honi, uuguse kwa testa ya volti 12 iliyobanwa kwenye bodi, huku mwenzako akibonyeza honi kwenye usukani. Taa ya testa ikiwaka, mbovu ni honi yenyewe au ethi yake, ambayo kwa gari linalopita kwenye vumbi na matope hushika kutu upesi. Isipowaka, tatizo liko nyuma zaidi. Na taa ya eabegi ikiwaka pia kwenye dashibodi, shuku waya uliojiviringisha ndani ya usukani, unaohudumia honi na eabegi. Hapo usifungue mwenyewe, mwite fundi umeme wa magari.