Nyayo Ndani ya Maji

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 3 na ya 4.

Wana wa Israeli walifika kando ya Mto Yordani wakati wa mavuno, nao mto ulikuwa umefurika hata juu ya kingo zake. Mungu hakuyazuia maji kwanza ndipo makuhani wapite. La. Makuhani waliolichukua Sanduku la Agano walipotia nyayo zao majini, ndipo maji yakasimama. Kisha walisimama imara katikati ya mto hata watu wote walipokwisha kuvuka. Walioingia kwanza ndio waliotoka mwisho.

Somo hili nilifundishwa tena na mto mmoja mdogo. Nilikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa letu. Washirika wengi walikaa ng'ambo, na kila mwaka akina mama wa huko walituomba daraja la miti. Kila mwaka tuliandika, "Jambo hili lingojee fedha," tukanywa chai, tukafunga kwa maombi. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa hatujalowa tu.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilikwenda ng'ambo kuwafariji wafiwa, nikalala huko. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa Jumapili, nikarudi pamoja na akina mama na watoto wao. Maji yakanifika magotini, kisha kiunoni. Mama mmoja, aliyebeba mtoto mchanga mgongoni, akanipa binti yake nimshike mkono. Katikati ya mto niliteleza, na ule mkono mdogo ukaniponyoka. Kijana aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyemdaka.

Tulipofika ukingoni, mama yule hakunilaumu. Alikamua kanga yake akasema, "Mzee, sisi hupita hivi kila Jumapili."

Baada ya ibada halmashauri iliketi, na suruali yangu ilikuwa bado mbichi. Mwezi ule ule miti ilikatwa na daraja likasimama. Fedha zilikuwa zile zile. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa amelowa.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ndugu yangu, labda wewe ni mzee wa kanisa, mwalimu mkuu, chifu, au mwenyekiti wa chama cha ushirika. Taarifa zinazoletwa mezani kwako huenda ni za kweli, lakini karatasi haizami mtoni. Simama foleni pamoja na mkulima anayengojea malipo yake. Keti na mgonjwa anayengojea kuitwa. Tena ukiisha kuingia, usitoke upesi kama mtu aliyekuja kutazama. Makuhani walingoja mpaka mtu wa mwisho.

Bwana wetu Yesu hakutuokoa kwa kututazama toka mbali. Alishuka katika Yordani ule ule, akasimama mahali pamoja na wenye dhambi waliokuja kubatizwa.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe sisi tuliowaongoza watu wako tukiwa ukingoni. Ututie nguvu tuingie, na utusimamishe hata mdogo wao wa mwisho avuke salama. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.