MIFUMO YA KIELEKTRONIKI NA UWEKEZAJI WA KIGENI WILAYANI MAFIA
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mafia ina Hifadhi ya Bahari ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, na papa potwe wanaovuta wageni kila msimu. Hivyo si ajabu kwamba wenye mitaji kutoka nje huitazama. Lakini kisiwa hiki kiko mbali na ofisi nyingi zinazotoa vibali, na kila safari ya kufuata muhuri ni gharama.

Umbali huo umepunguzwa kwa hatua. Mwaka 2017 Serikali ilianza kupokea malipo kwa kumbukumbu namba kupitia mfumo mmoja. Mwaka 2018 BRELA ilianza kusajili kampuni kwa njia ya mtandao. Mwaka 2023 Kituo cha Uwekezaji kilizindua Dirisha la Kielektroniki la Uwekezaji. Tangu mwaka 2025 majukumu ya Kituo hicho yamo chini ya TISEZA. Faida yake ni kwamba mwekezaji hujua ada kabla ya kulipa, hupata stakabadhi, na ombi lake huacha alama kila linapopita. Mtaji hukimbia mashaka kuliko unavyokimbia kodi.

Hata hivyo, tarakilishi haioni isipokuwa kilichoandikwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humruhusu asiye raia kupata ardhi kwa madhumuni ya uwekezaji tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inataka ardhi ya kijiji isihamishwe kabla fidia haijakubaliwa. Makubaliano hayo hayafanyiki Dodoma wala mtandaoni. Hufanyika barazani, mbele ya wanakijiji. Muhtasari ukiandikwa vibaya, mfumo utaliharakisha kosa: mwananchi atapoteza shamba la minazi, na mwekezaji atapata mgogoro badala ya hoteli.

Kwa hiyo watumishi wa vijiji na kata wanakumbushwa kusoma muhtasari hadharani kabla ya kutiwa saini, kutunza daftari la ardhi, na kutopokea malipo yoyote nje ya kumbukumbu namba. Wananchi nao wanahimizwa kuhudhuria Mkutano wa Kijiji na kudai stakabadhi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari limebadilika sura. Wajibu wa kuliandika kwa uaminifu haujabadilika.