Mkanda Ndio Unaobeba

Maneno ya mpiga saksafoni wa kwaya kwa vijana wa bendi, katika ibada ya shukrani ya jubilei ya miaka 25

 

Kamati imenipa dakika kumi nizungumze na vijana watatu wanaokabidhiwa saksafoni leo. Mwenyekiti alitaka nisimulie historia ya bendi. Nimemwomba niseme jambo moja tu, namna ya kushika chombo hiki, kwa sababu nina deni ndani yake.

Wengi mnamkumbuka kijana wa kwanza niliyemfundisha. Alikuwa na pumzi, na sikio lake lilikuwa zuri kuliko langu. Baada ya miaka miwili hivi akaacha. Wengine tulisema amepoa kiroho. Ukweli ni kwamba gumba lake la kulia lilimuuma hadi akawa hawezi kushika kikombe cha chai, na aliponiambia nilimjibu avumilie, eti wapigaji wote huumwa. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa kutazama wengine kwa mbali, nikadhani gumba ndilo linalobeba. Yuko hapa leo, safu ya nyuma, pamoja na familia yake. Nilienda kwake kumwomba msamaha kabla ya kusimama hapa, na ndiye aliyeniruhusu niseme haya.

Sasa vijana, nisikilizeni. Saksafoni ya alto ina uzito wa karibu kilo 2 na nusu. Pakiti ya unga wa ugali ni kilo 2. Hebu ining'inize hiyo pakiti kwenye gumba moja tangu wimbo wa kufungua hadi baraka, halafu uniambie habari ya kuvumilia. Ndiyo maana saksafoni hii ina pete mgongoni. Pete hiyo ni ya mkanda, na mkanda ndio unaobeba.

Anza hivi. Funga mkanda kwenye pete, simama wima, mtazame mwalimu wa kwaya kama unayetaka kuimba. Acha saksafoni ining'inie. Kisha vuta mkanda juu polepole mpaka kipulizio, ile sehemu inayoingia kinywani, kifike chenyewe kwenye midomo yako. Kikiishia kidevuni, mkanda ni mrefu. Kikigusa pua, ni mfupi. Usikifuate kwa shingo kama kuku anayedonoa mahindi. Waulizeni dada zetu wa soprano: mtu akiimba huku kidevu kimelala kifuani, sauti inatoka? Koo limebanwa. Saksafoni nayo hupigwa kwa pumzi ileile na koo lilelile.

Mkono wa kushoto unakaa juu, wa kulia chini. Najua mmoja wenu anaandika kwa kushoto, na ameniuliza kama atageuza. Hapana, vitufe vimepangwa kwa namna moja kwa watu wote. Gumba la kushoto linatua kwenye kile kiduara cha nyuma, limelala mshazari kidogo, ili libonyeze kitufe cha kupandisha oktava kwa kujiviringisha tu, bila kuruka.

Gumba la kulia ndilo lililotuponza. Linaingia chini ya ile ndoano, likiguswa kati ya ukucha na kiungo cha kwanza. Likiingia hadi ndani kabisa, vidole vingine vinakosa nafasi na kiganja kinakakamaa. Na kazi yake si kuinua. Linasukuma saksafoni mbele kidogo, iachane na tumbo, na kule juu kipulizio kinatulia chini ya meno ya juu. Kuna jaribio ambalo laiti ningelijua mapema: weka magumba mawili mahali pake, kisha nyanyua vidole vingine vyote. Saksafoni ikiyumba au ikitaka kushuka, rudi kwenye mkanda.

Vidole navyo vijikunje kana kwamba umeshika chungwa, ncha zake zikikaa juu ya vitufe muda wote. Kidole kinachoruka mbali huchelewa kurudi, na nyimbo zetu za haraka hazisubiri mtu.

Mkiketi, msiegemee benchi. Keti ukingoni, nyayo zote mbili sakafuni. Alto unaweza kuiweka mbele yako au pembeni kwa kulia. Ya tenor, kwa ukubwa wake, hukaa pembeni. Lakini ukiiweka pembeni, zungusha kipulizio mpaka kinyooke na mdomo wako. Kichwa kisipinde ili kutafuta chombo. Na joho letu hili lenye kola pana, mtanisamehe akina mama mlioshona, hukunjana chini ya mkanda na kukata shingo. Nyoosha kola kwanza.

Kamati imenunua mikanda mitatu ya kuvaa mabegani, ambayo huondoa uzito shingoni. Nawashukuru sana, hasa kwa ajili ya huyu mdogo wetu wa miaka kumi na mbili. Ile ya zamani ya nailoni, ambayo huteleza katikati ya wimbo, naomba itupwe. Msiifunge fundo, nawajua.

Na siku gumba likifa ganzi, au kifundo cha mkono kikiuma, weka saksafoni chini hata kama ni katikati ya mazoezi. Njoo uniambie. Sitakwambia uvumilie.

Basi naomba hao watatu waje hapa mbele na mikanda yao. Na ndugu yangu wa safu ya nyuma, ukiridhia, njoo unisaidie kuwapimia. Mpiga kinanda, tupe do.