Wema wa Kusitiri: Kukuza Matendo Madogo ya Huruma Katika Shule za Karagwe na Kyerwa

Mada kwa semina ya walimu wakuu, walimu wa malezi na unasihi, na wajumbe wa kamati za shule

Utangulizi



Tumezoea kwamba shule ikitaka kuhamasisha jambo huanzisha klabu, hutundika bango, kisha humpa zawadi mwanafunzi bora mstarini. Kwa wema, njia hiyo ina kasoro. Ukimpongeza hadharani mtoto aliyempa mwenzake daftari, shule nzima imeshajua nani hakuwa na daftari. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Hoja yangu ni kwamba wema shuleni hushika mizizi pale unapomsitiri anayeupokea, na sisi watu wazima ndio wa kuupa nafasi kwa kurekebisha taratibu zetu za kila siku.

1. Foleni ya makande

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, ila chakula cha mchana bado kinategemea michango ya wazazi: mahindi, maharage, kuni na ujira wa mpishi. Huku kwetu mchango hufuata kahawa. Mzazi aliyekwama kwenye butura, akauza kahawa yake ingali maua, huingia msimu wa mavuno akiwa mikono mitupu huku jirani yake akisubiri malipo ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Madhara yake humfikia mtoto. Kengele ya chakula ikilia, utamwona nyuma ya darasa, sahani kaificha ndani ya sweta. Ukimuuliza, anasema ameshiba.

Wenzake wengi wako tayari kumgawia. Kinachowazuia ni sisi, tunaposoma mstarini majina ya ambao wazazi wao hawajachangia. Jina likishatangazwa, kula naye kunakuwa kama kuvunja amri ya shule. Orodha hiyo ikae ofisini kwa mwalimu mkuu, na mjumbe wa kamati amfuate mzazi nyumbani. Asiye na mahindi aruhusiwe kuleta mkungu wa ndizi, mzigo wa kuni, au kulima siku moja katika shamba la shule. Mpishi naye apakue kwa kipimo kimoja bila kuuliza huyu ni wa nani.

2. Swali moja kabla ya fimbo

Mwalimu wa zamu yuko getini. Mtoto anafika saa mbili na robo, matope mekundu hadi magotini. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha pa kupiga magoti. Ya pili ni kuuliza, “Umechelewa wapi, mwanangu?” Pengine atajibu, “Nilimpeleka bibi zahanati, mwalimu. Shikamoo.” Pengine atadanganya. Hata hivyo, watoto wote waliopo getini watakuwa wamemsikia mwalimu akiuliza kwanza, nao watajifunza kuulizana kabla ya kugombana.

Madhara ya kutanguliza fimbo mkoa wetu unayajua kwa uchungu. Agosti 2018, katika Manispaa ya Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za kuiba pochi. Kanuni zetu zina ukomo wa viboko vinne na zinataka kila adhabu iandikwe, lakini kanuni haimlazimishi mtu kusikiliza. Kusikiliza ni hiari, na mtoto hujifunza hiari hiyo kwa kututazama.

3. Anayerudi na anayeanza

Novemba 2021 serikali iliwafungulia mlango wa kurudi shuleni waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua. Waraka wa serikali unaweza kumrudisha msichana darasani, lakini hauwezi kuzuia asiitwe “mama fulani” kila akinyanyua mkono. Mwalimu akicheka jina hilo mara moja tu, darasa limepata ruhusa. Akimwita kwa jina lake, akamkalisha jirani na mwenzake mwenye madaftari kamili, kazi kubwa imefanyika bila hotuba.

Vivyo hivyo kwa mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka nyumbani akijua lugha ya Kinyambo tu. Salamu moja ya Kinyambo kutoka kwa mwalimu humtoa hofu, na wakubwa huacha kumcheka. Kusitiri huku kuwafikie wasichana pia: pedi zikae mahali wanapojichukulia wenyewe bila kujieleza.

4. Mipaka ya kusitiri

Kusitiri umaskini ni wema, lakini kuficha ukatili ni kosa. Mtoto anayepigwa kupita kiasi, anayenyanyaswa kingono au anayetafutiwa mume, suala lake lipelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi, au ipigwe simu ya msaada kwa mtoto, namba 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Mazungumzo ya kumaliza mambo kifamilia yasianzie ofisini kwetu.

Tukumbuke pia kuwa mshahara wa mwalimu mmoja mwenye huruma hauwezi kuwa bajeti ya chakula. Kamati ibebe mzigo wake.

5. Kazi ya vikundi

Kila kikundi kijadili maswali haya na kiandike azimio moja la kuanza nalo wiki ijayo:

(a) Ni majina yapi shuleni kwetu husomwa hadharani bila sababu ya msingi?
(b) Mzazi aliyeuza kahawa kwa butura achangie nini, na lini?
(c) Nani atamweleza mwalimu wa zamu kwamba swali hutangulia adhabu, na nani atafuatilia?