UKIKATA, FIKIRI KWANZA

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Buhongwa)



Leo nawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mwalimu naye hujifunza.

Mnaukumbuka wimbo wa kichocho. Wanafunzi wetu wa kisomo waliuimba, tukawapiga video kwa simu. Tulitaka wenzetu wa mialoni wauone, wajikinge. Wimbo una beti nne. Wa kwanza unataja konokono wa majini, wanaobeba vijidudu vya kichocho. Wa pili unasema vijidudu hupenya ngozi ya mtu akiwa majini. Wa tatu unasema tutumie choo, tusichafue ziwa. Wa nne unamwambia mgonjwa aende zahanati, maana dawa ipo.

Kazi ya kukata na kuunganisha picha nilipewa mimi. Programu ile ya kompyuta sikuijua. Vitufe tele! Mwaka 1968 kisomo chenye manufaa kilipoanza huku Mwanza, wazee wetu walishika kalamu kwa woga. Nami nilishika kipanya hivyo hivyo.

Kwanza nilitengeneza nakala. Video ya asili sikuigusa. Kisha nikashughulikia sauti, ambayo tuliirekodi kwa simu ya pili. Midomo ilitangulia, sauti ikachelewa. Lakini kabla ya kuimba, mwanafunzi mmoja alikuwa amepiga kofi moja. Katika programu, sauti huonekana kama mstari wenye vilima. Nikatafuta kilima kirefu cha lile kofi, nikakilinganisha na picha ya viganja vinapokutana. Basi, midomo na sauti vikaenda pamoja.

Sasa sikieni kosa langu. Niliona video ni ndefu, nikaukata ubeti wa nne. Jioni nikawaonyesha waimbaji. Wote walifurahi, isipokuwa mama mmoja. Akasema:

"Mwalimu, wimbo sasa unatisha tu. Mvuvi hawezi kuacha ziwa. Na aliyekwisha kuugua aende wapi?"

Nikanyamaza. Mama alisema kweli. Nilikuwa nimeiacha hofu na kuitupa njia ya kupona. Nikairudia video ya asili, nikaurudisha ubeti wa nne. Badala yake nikakata picha za mwanzo, ambapo watu walikuwa wakijipanga tu.

Ndugu zangu, barua ikichanwa kipande, maana yake hubadilika. Video nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo shikeni mambo matatu:

1. Kabla ya kukata, weka nakala.
2. Ukimaliza, waonyeshe kwanza wenye picha.
3. Ukiletewa video katika simu, jiulize: nani ameikata, na ameacha nini?

Programu nitaizoea polepole. Lakini lile la maana zaidi nilifundishwa na mwanafunzi wangu.

Elimu haina mwisho.