Kabureta Inapofurika: Maongezi juu ya Injini ya Mtumbwi



Siku moja nilisafiri kwa mtumbwi kutoka mwalo wa Nkome, katika Geita, kwenda kisiwa cha Izumacheli. Injini yetu ilikuwa ya zamani, ya aina ile ifungwayo nyuma ya chombo. Tulipokuwa mbali na pwani ikakohoa, ikatoa moshi mwingi, ikazima. Kijana mwenye kuiongoza akavuta kamba mara kumi, mara ishirini. Kadiri alivyovuta ndivyo harufu ya petroli ilivyozidi. Jua lilikuwa likizama, na mwenzake akatoa kiberiti ili awashe karabai. Mzee mmoja aliyeketi mbele akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, kirudishe kiberiti hicho mfukoni. Harufu hii si ya kuchezewa."

Mzee yule alituokoa sote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa chini ya mbao za mtumbwi, na cheche moja yatosha kuuwasha. Kwa hiyo jioni hii nataka kuwaeleza ugonjwa huu ni nini, na jinsi ya kuutibu.

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia ndani ya injini. Chini yake pana bakuli dogo, na ndani ya bakuli mna boya. Fikirini kibuyu kitupu kinachoelea ndani ya mtungi. Maji yakijaa, kibuyu hupanda. Ndivyo lilivyo boya hili. Petroli ikijaa bakulini, boya hupanda na kusukuma sindano ndogo iliyo juu yake, nayo huziba tundu linaloingiza petroli. Injini ikinywa petroli, boya hushuka, na tundu hufunguka tena. Basi sindano ikishindwa kuziba, petroli huendelea kuingia, bakuli hufurika, na injini hunyweshwa kupita kiasi. Plagi zikilowa, cheche haiwezi kuwasha kitu.

Je, mfanyeje yakiwapata haya majini? Kwanza, zimeni kila moto: sigara, jiko na taa ya mafuta. Pili, toeni mpira wa petroli kwenye injini, ili petroli isizidi kuingia. Tatu, funueni kifuniko cha injini mpate upepo, na petroli iliyomwagika chomboni ifuteni kwa kitambaa. Nne, rudisheni choki mahali pake. Wengi huizidishia injini maradhi kwa kuvuta choki kila mara. Tano, fungueni plagi, mzifute mpaka zikauke. Kabla ya kuvuta kamba ili kutoa petroli iliyobaki ndani, hakikisheni swichi ya kuzimia imezimwa, na nyaya za plagi zimewekwa mbali na matundu yake, maana cheche ikiruka hapo petroli itawaka. Kisha subirini kidogo, rudisheni plagi na mpira, fungueni mpini wa mwendo kidogo, mkavute bila choki.

Injini ikiwaka na kuendelea vema, huenda kosa lilikuwa la choki tu. Lakini kuna jaribio la kujua hakika. Injini ikiwa imezimwa, minyeni ile pampu ya mpira iliyo katikati ya njia ya petroli. Kabureta ikiwa nzima, pampu huwa ngumu mkononi baada ya kuminywa mara chache. Ikiwa haiwi ngumu kamwe, na petroli yadondoka mdomoni mwa kabureta, basi sindano haizibi, na kazi ya fundi inawangoja pwani.

Huko pwani, mahali penye upepo na pasipo moto, tandikeni kitambaa cheupe, maana vifaa hivi ni vidogo mno. Fungueni bakuli mkatazame mambo manne. La kwanza ni uchafu: mchanga, kutu, au vipande vya mpira uliochakaa, vinavyokaa kati ya sindano na kikalio chake. La pili ni ncha ya sindano. Ikiwa imelika na kuonyesha alama ya duara, haifai tena. La tatu ni boya. Litikiseni karibu na sikio. Likisikika maji ndani, limetoboka na kujaa petroli, wala haliwezi kuelea. Msijaribu kulichomea kwa moto huku lina petroli ndani, bali tafuteni jipya. La nne ni kimo cha boya; ulimi wake ukipinda, sindano huchelewa kuziba. Kimo chenyewe kifuatwe kama kilivyoandikwa katika kitabu cha injini. Na vitundu vya kabureta msivichokoe kwa waya, kwa kuwa vikipanuka kipimo huharibika.

Tena kuna sababu iliyo nje ya kabureta. Tangi likiachwa juani, limefungwa kila mahali, mvuke huzidi nguvu na kuisukuma petroli ipite sindano hata ikiwa nzima. Liwekeni kivulini, fungueni kipumulio chake wakati wa safari, na mfikapo mwaloni toeni mpira kwenye injini. Petroli nayo ichujwe kila itiwapo.

Ninyi mlio mbali na ziwa, huko Shinyanga na kwenye maduara ya dhahabu, msiseme habari hii haiwahusu. Pampu nyingi za petroli zitoazo maji mashimoni zina kabureta yenye boya kama hii, nazo hufurika vivyo hivyo. Lakini kwenu naongeza neno moja: pampu hiyo ikae juu, mahali pa wazi, wala isiteremshwe kamwe shimoni. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua watu kabla hawajatambua.

Na sisi je? Tulifuata maneno ya yule mzee, tukakausha plagi katika giza kwa kupapasa, tukarudi Nkome polepole. Kulipokucha kijana akafungua kabureta mbele yetu. Juu ya sindano palikuwa na kipande cha mpira wa kale, hakizidi punje ya uwele. Mzee akakiweka kiganjani mwake, akakitazama kwa kitambo, akamwambia yule kijana, "Mpira mpya ni bei gani?" Kijana akataja bei. Mzee akatuhesabu mmoja mmoja, sisi sote tuliokuwa ndani ya mtumbwi ule, wala hakusema neno jingine.

Mdharau mwiba, guu huota tende. Kwaherini.