Mbu wa Ushago na Chandarua Chako

Mama, baba, nyanya, na wewe yaya unayeshinda na watoto, leo tuzungumze juu ya mbu wa malaria.

Najua wewe wa Lavington utasema, "Sista, huku kwetu ni baridi, malaria itoke wapi?" Ni kweli. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na malaria tunayoiona hapa nyingi hutoka safarini. Lakini shule zikifungwa watoto huenda kwa nyanya, Siaya, Busia au Kwale. Mtoto aliyekulia hapa hana ile kinga ambayo miili ya watu wa kule hujijengea kidogo kidogo.

Juzi mama mmoja aliniambia haoni haja ya kubeba chandarua, kwa sababu mbu wa siku hizi hutua juu yake kisha wakaruka wazima. Hakusema uongo.

Dawa iliyo kwenye vyandarua vyetu ni ya kundi la pairethroidi. Mwilini mwa mbu kuna vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunjavunja sumu. Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa maagizo ya jeni, na kuna jeni zilizo kama ukoo mmoja, zilizotokana na babu mmoja. Ukoo mmoja mkubwa unaitwa P450. Hata sisi binadamu tunazo jeni hizo, 57 hivi, na baadhi yake huvunja dawa tunazomeza. Mbu aitwaye Anopheles gambiae, ambaye ramani ya jeni zake ilichapishwa mwaka 2002, anazo zaidi ya 100.

Ukoo huo hukuaje? Wakati wa kurithishwa, mara nyingine jeni hunakiliwa mara mbili kwa makosa. Mfikirie mama anayepika chapati Kawangware kwa jiko moja, kisha akapata la pili. Chapati zinatoka maradufu. Ndivyo alivyo mbu mwenye nakala ya ziada: kimeng'enya ni kingi, na dawa inavunjwa kabla haijamwua. Mbu hakujifunza ujanja, jamani. Wasio na nakala hiyo walikufa kwenye chandarua, naye akabaki kutaga mayai. Mwaka 2022 watafiti walichapisha habari za mbu wa Uganda, Kenya na Tanzania wenye nakala ya ziada ya jeni ya ukoo huu, CYP6AA1.

Basi tuache chandarua? Hapana, mama. Hata mbu awe na jeni elfu, hawezi kupenya chandarua kisicho na tundu, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Tena kuna vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayovizuia vimeng'enya vya P450. Ni kama kumzimia yule mama majiko yake. Vilijaribiwa Muleba, Tanzania, kuanzia 2015, na baadaye Uganda, na watoto waliokutwa na vimelea walikuwa wachache kuliko pale palipotumika vya kawaida. Ukinunua, soma pakiti. Kifue mara chache kwa sabuni ya kawaida, usitie Jik, na ukianike kivulini.

Sasa yaya, sikiliza hapa. Mtoto akiumwa na mbu leo, homa haiji kesho. Huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi kama wiki mbili. Kufikia hapo amesharudi Lavington, amevaa sweta, na kila mtu nyumbani anasema ni mafua. Mtoto aliyetoka safari akipata homa, apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe alikuwa wapi na amerudi lini. Usipoulizwa, sema mwenyewe. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akipatwa na degedege au akiwa haamki vizuri, usingoje asubuhi.

Yule mama alinipigia simu jana. Alitaka kujua chandarua cha ukubwa gani kinatosha kitanda cha futi 3.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.